Nimsamehe Nani?

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Somo: Nehemia 5:1–13

Huenda wengine wenu mko jikoni mkichemsha chai, wengine mko njiani kwenda kazini, na wengine mmelala hospitalini mkimngoja daktari. Popote mlipo, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache tulitafakari Neno la Mungu. Mwenye Biblia na afungue kitabu cha Nehemia, mlango wa tano. Asiye na Biblia karibu naye na asikilize tu, kwa maana tutaisimulia habari hiyo kwa maneno yetu wenyewe.

Lakini kabla hatujafika Yerusalemu, twataka kuwapeleka Kisegi.

Wengi wenu hamjafika Kisegi. Ni mahali kando ya ziwa, katika nchi ya Gwassi, kaunti ya Homa Bay, si mbali na kaunti ya Migori. Nyuma yako kuna milima, na mbele yako kuna maji mpaka macho yachoke. Asubuhi utawaona akina mama wakianika omena juu ya nyavu, na vijana wakivuta mashua nchi kavu. Ni watu wa kazi, na jioni ya Jumapili utawasikia wakiimba kanisani mpaka ng'ambo ya ghuba.

Miaka michache iliyopita tulialikwa huko kwa mkutano wa Injili. Siku ya pili, baada ya ibada, mzee mmoja alitungoja mlangoni. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi. Akatuomba tukae naye chini ya mti.

Mzee huyu alikuwa mchuuzi wa samaki. Kwa miaka mingi alinunua mbuta na omena ufukoni akawapeleka mjini. Alikuwa na kiwanja chenye hati, na juu yake nyumba ya mawe aliyoijenga kidogo kidogo, chumba baada ya chumba. Nyuma ya nyumba ile alikuwa amemzika mama yake. Basi alikwenda benki, jina lake hatutalitaja, akaweka hati ile rehani, akapewa fedha za kununua gari la mizigo na kujenga vyumba vya kupangisha. Alilipa miaka minne bila kukosa hata mwezi mmoja.

Kisha samaki wakapungua, na gari likaharibika. Akakosa mwezi wa kwanza, akakosa na wa pili. Alikwenda mwenyewe kwenye tawi la benki kueleza shida yake, wala hakujificha. Karani alimsikiliza vizuri akamwambia, "Mzee, mimi sina uwezo, mwone meneja." Meneja akamwambia, "Mzee, mimi nakuhurumia, lakini mambo haya huamuliwa makao makuu." Akapiga simu makao makuu. Sauti ya msichana ikamwambia kwamba faili yake iko kwa wakili. Wakili akasema yeye anafuata maagizo ya benki. Dalali akasema yeye anafuata maagizo ya wakili. Na riba ilikuwa imepanda mara mbili, kwa barua zilizopelekwa katika sanduku la posta ambalo mzee alikuwa ameliacha zamani, ingawa namba yake ya simu walikuwa nayo.

Habari ya mnada aliipata kwa mwanawe aliyekuwa Kisumu, ambaye aliona tangazo gazetini. Nyumba iliuzwa. Mzee siku ile tulipokutana naye alikuwa amepanga chumba kimoja karibu na soko.

Tulidhani atatuomba fedha, au atatuomba tumtafutie wakili. Hakuomba hayo. Alitoa barua zake moja moja, akaziweka juu ya magoti, akasema hivi: "Watumishi wa Bwana, jana mlihubiri juu ya kusamehe. Nimelala nikiwaza. Nataka kusamehe, kwa maana uchungu huu unanila. Lakini nimsamehe nani? Karani ni mtoto mwema. Meneja alinipa chai. Dalali ana watoto wa kulisha. Kila mmoja aliniambia si yeye. Tazameni barua hizi, chini yake pameandikwa 'kwa niaba ya benki', na sahihi haisomeki. Siwezi kusamehe barua. Nionyesheni mtu."

Ndugu zangu, hatukuwa na jibu. Tuliomba pamoja naye, tukaagana. Lakini swali lake lilitufuata mpaka nyumbani, na ndilo lililotuleta mbele yenu asubuhi hii.

Sasa twendeni Yerusalemu. Ilikuwa siku za kujenga ukuta. Nehemia alikuwa liwali, na watu wote walikuwa wakifanya kazi kwa bidii. Mara kikasikika kilio. Hakikutoka kwa adui nje ya ukuta, kilitoka ndani, kwa wananchi na wake zao, juu ya ndugu zao Wayahudi. Wengine walisema wana watoto wengi na hawana nafaka. Wengine walisema wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate chakula wakati wa njaa. Wengine walisema wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na sasa watoto wao wanachukuliwa utumwani, nao hawana nguvu ya kuwakomboa kwa sababu mashamba yamekwisha kuwa ya watu wengine.

Nehemia aliposikia alikasirika sana. Lakini angalieni alivyofanya. Kwanza alitafakari moyoni mwake. Hasira yake haikumkimbiza. Pili, hakusema, "Nyakati ni ngumu." Wala hakusema, "Utaratibu wa mikopo una kasoro." Aliwaendea wakuu na mashehe, watu wenye majina, akawaambia uso kwa uso kwamba wao wanatoza riba, kila mmoja kwa ndugu yake. Tatu, aliita mkutano mkubwa, ili jambo lililofanywa kwa siri lijibiwe mbele ya watu. Na Biblia inatuambia kwamba wakuu wale walinyamaza, hawakuona la kusema.

Kwa nini walinyamaza? Kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumsukumia lawama. Hapakuwa na makao makuu. Aliyedai alikuwa amesimama pale, na aliyedaiwa alikuwa amesimama pale, na Mungu alikuwa juu yao wote wawili.

Nne, Nehemia alifanya jambo linalotugusa sana. Alijitaja mwenyewe. Alikiri kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake nao wamewakopesha watu fedha na nafaka, akasema, na tuiache riba hii. Mkubwa alianza na jina lake. Kisha akawataka warudishe siku ile ile mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na sehemu ya mia ya fedha waliyokuwa wakitoza. Wakakubali. Lakini Nehemia hakutosheka na kukubali kwa midomo, akawaita makuhani, akawaapisha. Akakung'uta vazi lake mbele yao, kuonyesha jinsi Mungu atakavyomkung'uta kila mtu asiyetimiza neno hili. Angalieni, wapendwa: kila mtu. Neno lake lilimwangukia mtu mmoja mmoja, na nyumba yake, na kazi yake.

Huenda mtu atasema, "Hayo yalikuwa zamani, wakati kila mdai alijulikana kijijini. Siku hizi kuna makampuni. Kampuni si mtu." Ni kweli, ndugu. Kampuni ina jina, ina muhuri, ina majumba, na sheria huihesabu kama mtu. Lakini haina moyo wa kutubu, wala haina shingo ya kufungwa nira. Ikikosa, hutozwa faini, na faini hulipwa kwa fedha za wenye hisa, na mwisho wake hurudi kwa mteja katika ada mpya. Aliyeamua hubaki katika kiti chake.

Hatusemi haya kwa kubuni. Mwezi wa Septemba 2018, Benki Kuu ya Kenya ilizitoza benki tano faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5 kwa sababu ya makosa katika kupitisha fedha za kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Jambo lile halikuhusu nyumba za rehani, lakini linatuonyesha njia inayofuatwa. Benki ndizo zilizolipa. Huko Marekani, baada ya watu wengi kupoteza nyumba zao kuanzia mwaka 2007, iligunduliwa kwamba makarani walikuwa wakitia sahihi maelfu ya hati za kuchukua nyumba bila kuzisoma. Katika kampuni moja ya kutengeneza hati, jina la mwanamke mmoja lilitiwa sahihi na watu mbalimbali, kwa miandiko mbalimbali. Mwezi wa Februari 2012 benki kubwa tano zilipatana na serikali ya nchi ile na majimbo 49 kutoa dola bilioni 25. Mkuu wa ile kampuni ya hati alifungwa gerezani mwaka 2013. Lakini katika mapatano yale ya mabilioni, waliotoa ni mabenki.

Hata hivyo wapo waliojaribu kutafuta uso nyuma ya muhuri. Uingereza waliweka utaratibu mwezi wa Machi 2016 kwamba kila mkubwa wa benki aandikiwe wazi kazi anayoisimamia, ili pakitokea kosa katika kazi ile asiweze kusema hakuhusika. Na hapa kwetu Kenya, mwezi wa Agosti mwaka huo huo 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi sheria iliyozuia benki kutoza riba ya mkopo inayozidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wengi wenu mnaikumbuka sheria ile kwa sababu ya riba. Lakini ndani yake mlikuwa na neno jingine ambalo wachache walilisoma. Benki ikivunja sheria ile, ingetozwa faini isiyopungua shilingi milioni moja, na ikishindwa kulipa, mkurugenzi mkuu wake angefungwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja.

Mwezi wa Machi 2019 Mahakama Kuu ilisema kifungu kile hakikuandikwa kwa maneno ya wazi, na mwezi wa Novemba mwaka ule kikafutwa. Kama ilifaa kuzuia riba au haikufaa, wataalamu wa uchumi wamebishana sana, nasi hatukuja redioni kuamua ugomvi wao. Lakini twasema hivi: siku ile riba ilipofunguliwa, na lile neno lililomtaja mkurugenzi mkuu likaondoka nalo, wala halikuliliwa na wengi.

Kwa nini twasisitiza jambo hili? Kwa sababu ya ile nyumba ya Kisegi. Sikilizeni, maana hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui mpaka siku ya kilio. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki iuze kwa bei iliyo bora kadiri inavyoweza kupatikana, na kwanza ifanye thamani ya mali. Ikikosea, aliyedhulumiwa aweza kudai fidia. Hilo ni jema. Lakini yule aliyenunua mnadani kwa nia njema, sheria humlinda. Yaani nyumba ikiisha kupita mikononi mwa mnunuzi, mara nyingi kinachobaki ni fedha tu. Na fedha haziwezi kumrudishia mtu kaburi la mama yake.

Watu wa Nyanza wanalijua jambo hili tangu zamani. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia mwafrika apimiwe shamba na apewe hati, ili aweze kukopa kwa hati hiyo. Mmarekani mmoja, Parker Shipton, aliyeishi na kuchunguza mambo ya Waluo huku kusini mwa Nyanza, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2009 juu ya rehani za ardhi. Alieleza jinsi shamba lenye makaburi ya wazee lisivyo bidhaa kama gunia la mahindi, na jinsi mkopo wa namna hii unavyogusa waliokufa na wasiozaliwa bado. Afisa aliyeketi ghorofa ya kumi huona namba ya hati. Mwenye boma huona watu wake. Ndiyo maana twasema, yule anayeamua kuuza yampasa awe mtu anayejulikana, na aulizwe mapema, kabla nyundo haijaanguka.

Mungu mwenyewe aliweka sheria ya namna hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, Bwana anamwagiza mtu anayemkopesha jirani yake. Hataruhusiwa kuingia nyumbani mwa jirani kuchukua rehani. Atasimama nje, na mdaiwa ndiye atakayemtolea. Tuifikirie sheria hii. Mdai yampasa aende mwenyewe. Yampasa asimame pale mlangoni, aone watoto, aone chungu kilicho tupu, aonwe naye. Hakuambiwa atume mtu. Na pale pale, mstari wa sita, ameambiwa asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu.

Kumbukeni pia shamba la mizabibu la Nabothi, katika 1 Wafalme mlango wa 21. Ahabu hakuandika barua. Yezebeli ndiye aliyeandika, akazitia muhuri wa mfalme. Wazee wa mji ndio waliotekeleza, na mashahidi wa uongo ndio waliosema. Kila mmoja angeweza kusema, "Mimi nilifuata maagizo." Na Ahabu angeweza kusema, "Mimi nilikuwa kitandani." Lakini Mungu alimtuma nabii Eliya, na Eliya hakwenda kwa karani. Alimkuta Ahabu ndani ya lile shamba, akamwuliza yeye. Mwenye muhuri ndiye anayejibu kwa yale yanayotendwa kwa muhuri wake. Wazee wale nao hawakuwa safi. Lakini Mungu alianzia juu.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana Neno la Mungu halina upendeleo. Fedha za benki si za benki. Ni akiba ya mwalimu, ya mjane, ya muuza samaki mwingine. Asiyelipa kwa makusudi anamwibia jirani asiyemwona. Zaburi ya 37 inamhesabu akopaye asilipe pamoja na waovu. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga, wakasema tena dawa ya deni ni kulipa. Wapo watu waliochukua mkopo wa kujenga, wakaoa mke wa pili. Kisha dalali akija wanaomba kanisa liwaombee. Ndugu, usimfiche dalali nyuma ya maombi. Na wapo mameneja na wakurugenzi wanaomcha Mungu, ambao wamekaa usiku wakitafuta njia ya kuokoa nyumba ya mtu. Twawajua wengine. Mungu awabariki.

Kudai si dhambi. Dhambi ni kumtendea mtu mabaya na kujificha. Kuongeza riba bila kumwarifu. Kupeleka ilani mahali unapojua hayupo. Kumnyima hesabu ya deni lake. Kuuza mali kwa bei ya kutupa ili rafiki anunue. Na baada ya hayo yote kusema, "Benki ndiyo iliyoamua."

Basi hapa, wapendwa, yatupasa tuseme jambo ambalo tungependa kulinyamazia.

Tulipotoka Kisegi tulikuwa na hasira, kama Nehemia. Tulizungumza njia nzima juu ya mabenki. Lakini Nehemia alitafakari moyoni mwake kabla ya kusema, na sisi tulipofanya vivyo hivyo, Roho wa Bwana alitukumbusha cherehani.

Katika usharika wetu tuna chama cha akiba na mikopo midogo. Sisi tulikuwa katika kamati. Mama mmoja mjane alikopa, akachelewa kulipa kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto. Kamati ilikutana, tukafungua kitabu cha kanuni, tukapiga kura, na vijana wawili wakatumwa wakachukua cherehani yake. Ile cherehani ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wake. Ndiyo iliyokuwa jiwe lake la kusagia. Alipotuuliza kanisani, mmoja mmoja, kila mmoja wetu alimjibu, "Mama, pole sana, kamati ndiyo iliyoamua."

Kamati ilikuwa nani? Kamati ilikuwa sisi. Tulikuwa watu saba, na tulikuwa na majina saba, na kila mmoja wetu alimwonyesha mjane yule karatasi badala ya uso wake. Tofauti yetu na wale wa ghorofa ya kumi ilikuwa ngazi tu.

Tulirudisha cherehani. Hatukumtuma mtu. Tulikwenda wote saba, tukasimama nje ya mlango kama Torati inavyosema, na kila mmoja alitaja jina lake na kusema, "Mimi niliinua mkono." Ilikuwa vigumu. Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye mvi, sauti ilimkwama. Yule mama alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa nimewaona. Niliwakasirikia wote kwa sababu sikujua ni nani. Ingieni." Akatupa uji. Deni lake alilimaliza kwa miezi minane, kidogo kidogo, kwa kazi ya cherehani ile ile.

Hapo ndipo tulipoelewa swali la mzee wa Kisegi. Msamaha huhitaji mtu. Toba huhitaji mtu. Zakayo aliposimama mbele ya Bwana Yesu hakusema kwamba idara ya kodi itachunguza jambo hilo. Alisema yeye mwenyewe atarudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Na Bwana akasema wokovu umefika katika nyumba ile. Basi mtu anayemficha mkosaji nyuma ya jina la kampuni hamtendei mema. Anamzuia asitubu. Kumtaka mkurugenzi ajibu kwa jina lake ni kumdai haki, na tena ni kumfungulia mlango wa rehema.

Tufanye nini basi?

Wewe uliyeweka nyumba au shamba rehani, usitupe barua. Isome, au umpe mtoto wako akusomee. Ukibadili sanduku la posta au simu, iarifu benki kwa maandishi. Ujue siku zako. Kwa sheria ya 2012, ukichelewa kulipa kwa mwezi mmoja, benki yaweza kukupa ilani, na ilani hiyo ya kwanza hukupa muda usiopungua miezi mitatu. Kisha pana ilani ya kuuza, siku zisizopungua 40. Kisha dalali naye hukupa siku zisizopungua 45 kabla ya kutangaza mnada. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila kibali cha mume au mke mwenzako. Usingoje siku ya mwisho. Na kila unapokwenda ofisini, uliza kwa adabu, "Ni nani aliyeamua, na jina lake ni nani?" Uandike jina, na tarehe, na neno alilokuambia. Kuuliza jina si utovu wa heshima.

Wewe unayefanya kazi benki, karani au meneja, usiseme "si mimi" ukaishia hapo. Kama ni jambo la juu, lipeleke juu kwa maandishi, na umwambie mteja umelipeleka kwa nani.

Nawe uliye mkubwa, unayeketi katika halmashauri, Benki Kuu ilikupima kama unastahili kabla hujaketi katika kiti hicho. Ilikupima wewe, haikupima jengo. Tunakusihi kwa huruma za Mungu, usikubali muhuri wako uende mahali ambapo uso wako hauwezi kwenda. Mara moja kwa mwaka, panda gari uende ukasimame nje ya mlango wa mtu mmoja ambaye nyumba yake imeandikwa kuuzwa. Simama tu nje. Kisha urudi ukaamue.

Na ninyi mnaotunga sheria, ambao wengi wenu huketi katika viti vya mbele vya makanisa yetu, kumbukeni kwamba Nehemia alitaka watu waape kwa majina yao. Hamtakosea mkifanya vivyo hivyo.

Yule mzee bado yuko Kisegi. Tulimwandikia kumweleza habari ya cherehani, na jinsi tulivyosamehewa. Alijibu kwa barua fupi. Alisema ameifurahia sana, na kwamba yeye bado anangoja mtu aje asimame mlangoni pake, hata kama mlango wenyewe sasa ni wa kupanga. Akasema chai itakuwapo.

Natuombe.

Ee Baba yetu, wewe unatujua kila mmoja kwa jina. Siku ile vitabu vitakapofunguliwa hakuna kampuni itakayosimama mbele zako, wala kamati, wala makao makuu, ila sisi. Utuhurumie. Utupe ujasiri wa kusema "ni mimi" tungali tunaishi, na wakati bado upo wa kurudisha. Uwakumbuke wote wanaolala leo wakiogopa hodi ya dalali. Uwakumbuke wanaoshika kalamu ya kutia sahihi, ukaitetemeshe mikono yao inapopasa kutetemeka. Umpe mzee wa Kisegi mtu wa kumsamehe. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.